Mwendo Uandikwe Katika Daftari la Mgonjwa

Mtu akifika katika soko la Gakoromone, mjini Meru, kabla jua halijapanda, na akasimama pembeni akitazama jinsi wenye soko wanavyoianza siku yao, ataona makundi mawili ya watu ambao, ijapokuwa mahali pao pa kazi ni pamoja, miili yao inaishi maisha mbalimbali kabisa. Wapo wapagazi na wasukuma mikokoteni, wenye kuinama chini ya magunia ya viazi na mikungu ya ndizi hata mishipa ya shingo ikawatuna. Na wapo wachuuzi, walio wengi wao akina mama, ambao wakisha kuyapanga mafungu yao ya nyanya na vitunguu huketi juu ya kigoda au kreti lililopinduliwa, na hapo huwa wameketi, ila kwa haja ndogondogo, mpaka jua lichwe. Jioni huketi tena, ndani ya matatu au nyuma ya bodaboda, wakafika nyumbani wamechoka kweli kweli, kwani kuketi nako kunachosha, na uchovu huo huwahadaa wao na jamaa zao wakadhani kwamba mwili umefanya kazi kutwa nzima.

Watu wa maisha kama haya ya kuketi, miaka ikisonga, aghalabu hujikuta katika foleni ya kliniki ya presha na sukari. Humo hufungwa mkanda wa kupimia presha mkononi, hupandishwa juu ya mizani, huchomwa kidole litoke tone la damu, na kila kilichopatikana huandikwa. Kisha huandikwa dawa: jina lake, kipimo chake, mara ngapi kwa siku, kabla ya chakula au baada yake, na tarehe ya kurudi. Mgonjwa akisha kuinuka, na mkono wake umekwisha shika kitasa cha mlango, ndipo humfuata nyuma neno la mwisho: “Na ujaribu kufanya mazoezi, mama.” Naye huitikia, “Haya, daktari,” akaenda zake. Neno hilo ni la haki, wala simlaumu alisemaye, kwa kuwa nyuma ya mgonjwa huyo wapo wengine wengi wanaongoja. Lakini nasaha isiyo na kipimo, isiyo na siku, isiyoandikwa popote na isiyoulizwa tena mgonjwa arudipo, haina daraja ya matibabu. Ni salamu ya kuagana. Na hoja yangu katika makala haya ni moja tu: kwamba mwendo wa mwili uingizwe katika matibabu ya kila siku kwa heshima ile ile ipewayo kidonge, uulizwe, upimwe, uandikwe, na ufuatiliwe, na kazi hiyo ifanywe na tabibu, muuguzi na mhudumu wa afya wa kijijini, kila mmoja kwa nafasi yake.

Najua jibu ambalo msomaji wa Meru au Embu atakuwa nalo tayari mdomoni. Atasema kwamba mazoezi ni shughuli ya watu wa mijini wenye nafasi na viatu vya bei, ama wa nchi ambazo jembe limesahauliwa, na kwamba mtu anayelima mteremko wa Imenti, anayepanda na kushuka na pakacha la majani chai mgongoni, hana haja ya kufundishwa kutembea. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza uliona kwamba watu wazima wasiotimiza kiasi cha mwendo kinachopendekezwa walikuwa asilimia 6.5 tu, idadi ambayo mataifa mengi yangeitamani. Lakini uchunguzi ule ule uliona kwamba takriban robo ya watu wazima walikuwa na presha iliyopanda, na kwamba wengi zaidi ya nusu hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani mwao; na katika wanawake, asilimia 38.5 walikuwa na uzito uliozidi, ilhali katika wanaume ni asilimia 17.5. Hesabu ya taifa zima humchanganya mkulima wa mlimani na mchuuzi wa kigodani katika kapu moja, ikatoa jumla inayompendeza waziri. Lakini tabibu hamtibu mwananchi wa jumla. Humtibu huyu aliye mbele yake, na huyu huenda akawa ni miongoni mwa wale wachache waliofichwa na ile jumla. Hatamjua asipomwuliza.

Zamani mambo hayakuwa hivi, na jambo hili lina ithibati. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, jina lake Donnison, aliyekuwa akitibu katika hospitali ya Waafrika huko South Kavirondo, upande wa magharibi ya Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba katika mamia kwa mamia ya wagonjwa waliopita mikononi mwake hakumwona mwenye maradhi ya kupanda kwa presha, na kwamba wazee wa huko, tofauti na wazee wa Ulaya, presha yao haikupanda kwa kadiri umri ulivyosonga. Sisemi kwamba ni miguu peke yake iliyowalinda, hasha. Chumvi yao ilikuwa kidogo, mafuta ya kukaangia na sukari ya madukani ni vitu vilivyokuwa havijawafikia kwa wingi, na dhiki za mji hawakuzijua. Lakini mwendo ulikuwamo katika kila jambo lao, ulikuwamo hata hawakuhitaji kuufikiri. Katika vilima vyetu ulidumu hivyo muda mrefu. Kisha serikali ikaondoa kodi katika pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zikajaa hata vichochoroni, na safari ambayo mama wa kijijini alikuwa akiifanya kwa miguu ikawa ni ya kupanda nyuma ya kijana na kushuka mlangoni. Bodaboda imewaokoa wajawazito wengi usiku wa manane, imewapa vijana riziki, wala sitaki itoweke. Ila ilipoingia ilichukua kitu ambacho hakuna aliyekiandika hesabu, na hadi leo hakuna aliyekilipa.

Elimu ya uhusiano wa mwendo na maradhi ya moyo ilianza, kwa namna ya ajabu, katika mabasi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, tabibu Jerry Morris alichunguza maisha ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji wa London, mabasi ambayo kila moja lilikuwa na dereva na makanga wake. Watu hawa walikuwa wa tabaka moja, mishahara yao haikuachana mno, waliishi mitaa ile ile na kuvuta hewa ile ile. Tofauti yao kubwa ilikuwa ni kwamba dereva aliketi saa zake zote, na makanga alipanda na kushuka ngazi za basi, mamia ya vidato kwa siku, akikata tikiti. Mwaka 1953 Morris na wenziwe walitangaza katika Lancet kwamba makanga waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliougua waliugua wakiwa wazee zaidi, tena si wengi waliokufa ghafula. Baadaye, kwa insafu ya mwanachuoni wa kweli, alikwenda akatazama vipimo vya sare walizoshonewa watu hao, akakuta kwamba viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana kuliko vya makanga. Yaani huenda walioingia katika udereva walikuwa wanene tangu mwanzo, na kwa hiyo hoja yake mwenyewe ikapungua nguvu kidogo. Akaitangaza habari hiyo pia. Aliwatazama vilevile makarani na watu wa posta, akaona maana ile ile ikijirudia. Morris alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99, na alikuwa mtu wa kupenda mwendo maisha yake yote.

Ninapomkumbuka Morris huwafikiri madereva wa kwetu, wale wa matatu za Meru kwenda Nanyuki, Maua na Nairobi, ambao huanza safari usiku haujaisha na kumaliza usiku umekwisha ingia, chakula chao ni chapati na soda wakiwa juu ya usukani. Na makanga wa matatu ya watu 14 hana ngazi ya kupanda. Yeye huinama mlangoni na kuketi. Kama kuna watu ambao muuguzi wa kliniki yeyote, wakija kwa kikohozi au kwa maumivu ya mgongo, angepaswa kuwauliza juu ya mwendo wao, ni hawa, kwani kwa presha na sukari hawaji mpaka waangukapo.

Manufaa yenyewe ya mwendo hayana siri. Msuli unapofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu na kuitumia, hata kwa mtu ambaye insulini yake imedhoofika. Mishipa ya damu hulainika, presha ikashuka. Moyo huzoea kufanya kazi yake kwa mapigo machache zaidi. Usingizi huwa mzuri, na moyo wa huzuni hupata faraja. Huko Marekani uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, wa watu waliokuwa ukingoni mwa kuingia katika ugonjwa wa sukari, ulionyesha kwamba waliofundishwa kula kwa kiasi, kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58, hali waliopewa kidonge cha metformin, ambacho ni dawa njema na yenye sifa yake, waliipunguza kwa asilimia 31. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limeweka kiasi cha dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa wastani kwa mtu mzima, likasema wazi kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa. Dakika 150, zikigawanywa kwa siku tano, ni nusu saa kwa siku. Na kwa mji uliojengwa juu ya miinuko kama Meru, nusu saa ya njia ya kwenda Makutano kwa haraka inatosha kumtoa mtu jasho.

Lakini swali la haki ni hili: neno la tabibu lina nguvu gani mbele ya ada za miaka mingi? Madaktari wengi, wakiwa peke yao na bila ya kusikiwa na wagonjwa, hukiri kwamba wamekata tamaa, wakiona kwamba watu hawasikii. Wachunguzi wa Uingereza walikusanya majaribio mengi ya namna hii, wakaandika mwaka 2012 kwamba katika kila wagonjwa 12 wasio na mwendo wa kutosha wanaopewa nasaha na msaada katika matibabu ya kawaida, mmoja zaidi hufikia kiasi kinachotakiwa. Mmoja katika 12 huenda akaonekana mchache. Lakini wangapi hupewa dawa ya presha kwa miaka ili mmoja wao aepushwe na kiharusi? Nchi ya New Zealand imekuwa, tangu mwaka 1998, na utaratibu wa daktari kuandika mwendo katika cheti kama aandikavyo dawa, kisha mtu mwingine humpigia mgonjwa simu baada ya majuma kadhaa akimwuliza umefika wapi. Nguvu ya utaratibu huo imo katika simu ile.

Wala hatuna haja ya kusafiri hadi New Zealand ili tuamini. Njia itokayo Embu kwenda Meru hupita karibu na Chogoria, ambako daktari Clive Irvine wa misheni ya Scotland alianzisha hospitali mwaka 1922. Katika miaka ya 1970 na 1980 hospitali ile ilifanya jambo ambalo wataalamu wa ng’ambo walikuja kulichunguza: haikungoja watu waje, bali ilipeleka nasaha ya uzazi wa mpango katika zahanati zake na mpaka majumbani, kwa mikono ya wauguzi na wahudumu wa vijijini waliojulikana kwa majina na kuaminiwa, waliorudi tena na tena kuuliza habari, na matumizi ya njia za uzazi wa mpango katika eneo lile yakapanda kwa kiwango kilichozidi sana kile cha taifa. Nani angedhani kwamba jambo la siri kama hilo, lenye kugusa ndoa, dini na ukoo, lingebadilika kwa maneno ya muuguzi? Likabadilika, kwa sababu maneno yale yalikuwa na mtu, na siku, na marudio. Watu waliokubali kubadili idadi ya watoto wao hawawezi kuambiwa kwamba ni wagumu wa kubadili namna wanavyokwenda sokoni.

Basi jambo lifanywe namna gani? Mwaka 2009 hospitali za Kaiser Permanente, huko California, zilianza kumwuliza kila mgonjwa mtu mzima, pale pale anapopimwa presha, maswali mawili: siku ngapi kwa juma unafanya mwendo wa kukutoa pumzi kidogo, na kila siku hiyo ni dakika ngapi. Muuguzi huzidisha, akaandika jumla karibu na presha. Hakuna chombo cha kununua wala umeme wa kukatika. Natamani kuona mstari huo katika daftari la kila mgonjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Meru, katika hospitali ya Embu, Nkubu, Maua na Chogoria, na katika zahanati zote zilizo baina yao, ili daktari akifungua daftari aone: presha hii, sukari hii, mwendo dakika 20 kwa juma, na mwezi ujao aone kama zimekuwa 60.

Baada ya kuuliza, ndipo hikima ya tabibu inapotakikana, kwani mwendo, kama dawa, hupimwa kwa mtu. Mchuuzi wa Gakoromone asiambiwe aende kwenye ukumbi wa mazoezi. Aulizwe anashuka wapi kwenye matatu, na kama anaweza kushuka kituo kimoja kabla. Aulizwe nani jirani yake anayeweza kumwangalizia mafungu yake, ili wapokezane kila baada ya saa mbili, mmoja azunguke soko lote na mwenziwe akae. Akina mama wa soko wamezoea kushirikiana katika chama cha kuweka akiba. Hawatashindwa kushirikiana katika hili. Mwenye sukari anayejidunga insulini au anayemeza vidonge vya kuishusha aonywe asiende mbali kabla hajala, na abebe kitu kitamu mfukoni. Mwenye ganzi ya miguu aangaliwe nyayo zake na aambiwe asitembee peku, kwa sababu kidonda kidogo kinaweza kumgharimu mguu. Na mwenye maumivu ya kifua achunguzwe kwanza. Mzee mwenye magoti mabovu yapo mengi awezayo kuyafanya akiwa ameshika ukuta. Haya yote hayasemwi mlangoni.

Na yule mpagazi, tumwambie nini? Hapa nataka tabibu awe na stahi kubwa. Uchunguzi uliofanywa Denmark na kwingineko umeonyesha kwamba kazi nzito ya kutwa, ya kubeba na kuinama pasi na mapumziko, hailindi moyo kama ulivyo mwendo wa hiari, na huenda hata ikauchosha. Kwa hiyo mtu mwenye kusukuma mkokoteni tangu alfajiri akija na presha asitupiwe lile neno la “fanya mazoezi,” ambalo kwake ni tusi. Mwendo anao wa kutosha. Anachohitaji ni maji, mapumziko, mzigo uliopunguzwa, na kupimwa presha. Tofauti baina yake na mama aketiye hatua chache kutoka kwake ni dalili ya kwamba nasaha ya jumla haifai kitu.

Watasema wauguzi kwamba hawana wakati, nao wanasema kweli. Anayedhani kwamba mtu mmoja anayehudumia foleni ya asubuhi nzima ameketi tu kwa raha, na aende akashuhudie. Ndiyo maana nasema kwamba kazi hii igawanywe. Aulize yule anayepima presha, kwa nusu dakika. Tabibu aongeze sentensi mbili na kuandika kiasi. Na marudio yafanywe na wahudumu wa afya ya jamii. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu hao zaidi ya 100,000 kwa nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vipimo vya presha na vya sukari, na malipo kidogo yanayochangwa na serikali kuu na kaunti. Hao wanafika nyumbani, wanamjua mume na wakwe, wanaijua njia yenye mbwa na ile yenye matope ya masika. Mtu kama huyo, akimwuliza jirani yake kila mwezi, “Mama, zile nusu saa zetu zimefika wapi?” anafanya tiba ambayo bingwa wa Nairobi hawezi kuifanya. Navyo vyuo vyetu, kile cha mafunzo ya tiba cha KMTC cha Meru na Chuo Kikuu cha Methodisti, viwatahini wanafunzi wao namna ya kuuliza na kuandika mwendo, kama wanavyowatahini namna ya kupima presha.

Lipo jambo moja ambalo tabibu hana uwezo nalo, na itakuwa ni dhuluma kumtwisha. Mama akiambiwa atembee jioni, naye njia haina pa kupita mtu wa miguu, malori na bodaboda yanampangusa bega, taa hazipo, na kwa mwanamke giza lina hatari zake, basi atarudi kliniki na dakika zile zile 20, na kosa si lake. Afya ilikabidhiwa kaunti mwaka 2013, na njia nyingi za mitaa na masoko zi mikononi mwa kaunti hizo hizo. Waziri wa afya na waziri wa barabara wa kaunti moja hukaa katika baraza moja. Kenya ilikuwa na mpango wa taifa wa kukuza mwendo wa mwili, wa mwaka 2018 mpaka 2023, na muda wake umekwisha pita. Mpango wa Meru ungeweza kuanza na njia ya miguu iliyo salama kutoka Gakoromone hadi hospitali, na mstari mmoja uliochapwa katika daftari la mgonjwa.

Nawe msomaji, uwe una presha au unampeleka mzazi wako kupimwa, usingoje kaunti ichape mstari huo. Uchore kwa kalamu yako chini ya ule wa presha, umpe tabibu daftari, na umwombe kwa adabu aandike ni dakika ngapi, kwa siku zipi, na ni lini atakuuliza tena.